Ofisi ya Chama Ilipohamia Jikoni kwa Felista

Kila asubuhi Felista hukagua migomba yake nyuma ya nyumba, Kiwira. Msimu huo aliilinda kuliko kawaida. Binti yake Tulia alikuwa apate kipaimara baada ya wiki mbili, na mikungu saba ilikuwa ya wageni wa siku hiyo. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mumewe.

Mumewe, Ambilikile, ni katibu wa chama cha wakulima wa chai, na ofisi yake iko Tukuyu mjini. Ni mtu mwema, ila akishaelewa jambo nusu, nusu nyingine anajitungia mwenyewe.

Jumatatu moja alirudi nyumbani amebeba kompyuta ya ofisi.

"Baba Tulia, umefukuzwa kazi?" Felista aliuliza.

"Hapana. Nafuata sheria."

Alimwonyesha barua iliyokuja kwa mtandao. Mambo yalikuwa hivi. Programu ya zamani yenye orodha ya wakulima iligoma kwenye kompyuta mpya. Basi Ambilikile akachukua bure mtandaoni programu inayotengeneza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta, ili ile ya zamani ifanye kazi humo. Akaongeza na kiongezo chake, nacho cha bure, ili isome fleshi upesi. Sasa wenye kiongezo wameandika: chama kinunue leseni au kiache kukitumia. Na leseni zao wanaziuza kuanzia mia moja.

"Leseni mia, na kompyuta tunayo moja," Ambilikile alisema. "Lakini nimesoma mkataba. Kiongezo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Ndiyo maana nimeileta nyumbani."

Kesho yake wakulima walianza kufika kuhakiki majina yao kwenye orodha ya mbolea. Walikuja kumi na wawili. Ofisini wangepewa benchi, wakaambiwa wasubiri. Lakini hapa ni nyumbani kwa mtu, na kwetu Rungwe mgeni haondoki na njaa. Felista akapika ndizi. Jumatano walikuja ishirini, wengine kutoka Kinyala, na wote walifika saa sita kamili. Sijui nani aliwaambia. Alhamisi mzee Nsajigwa alihakiki jina lake kwa mara ya tatu, akaomba na mchuzi kidogo.

Mikungu ikabaki miwili. Felista aliketi jikoni akalia kwa hasira. Kisha akajifunga kanga, akaenda kumwita jirani yao, Mwalimu Janeth, anayefundisha kompyuta sekondari.

Janeth alisoma mkataba wote, hata maandishi madogo. "Mzee katibu, hii kazi ni ya nani?"

"Ya chama."

"Basi ni kazi ya ofisi, hata ukiifanyia kitandani. Mkataba hautazami paa, unatazama kazi."

Felista alidakia. "Kwa hiyo ndizi zangu zimeliwa bure?"

"Bure kabisa, mama. Pole." Janeth akaendelea: "Hapa kuna vitu viwili, na kila kimoja kina mkataba wake. Programu yenyewe ni bure hata ofisini. Kiongezo ni bure kwa mtu binafsi tu. Ukiona neno 'bure', uliza: bure kwa nani, na kwa kazi gani?"

"Na fleshi je?"

"Tutaweka folda moja inayoonekana kwenye kompyuta zote mbili, ya nje na ya ndani. Hiyo haidai leseni. Kiongezo tukiondoe."

Wakakiondoa. Orodha ilikuwa palepale, salama.

"Nijibu kwamba hatujawahi kukitumia?" Ambilikile aliuliza.

"Usidanganye. Andika mlikitumia tangu lini, na mmekiondoa lini."

Aliandika hivyo. Baada ya siku tatu wenye kiongezo walijibu kwamba wameridhika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeshapanda gari kurudi Tukuyu tangu Ijumaa. Felista alimpa mumewe karatasi aibandike mlangoni pa ofisi: "Nyumba yangu ni bure kwa matumizi ya nyumbani tu. Mliokula kwa kazi za chama, leseni ni mkungu mmoja kila mlo."

Wakulima walicheka sana, lakini walileta. Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku moja kabla ya kipaimara, mzee Nsajigwa alishusha mikungu mitatu kwenye baiskeli yake.

"Ndaga fijo, baba," Felista alishukuru.

"Leseni yangu nipe kwa maandishi," mzee alisema.

Felista akachukua kalamu, akaandika: "Nsajigwa, ruhusa kula Jumapili. Matumizi binafsi."