Wizi wa Lori la Kahawa

"Afande, Lori la Kahawa limeibwa!"

Sajenti Ilyasi hakungoja neno la pili. Alidaka redio, akawaamuru askari wa Kitai wafunge barabara ya Songea na kusimamisha kila gari lenye gunia. Mtu wa Kilwa huyo, mwepesi wa kutenda, mzito wa kuuliza.

Inspekta Edina Kapinga akatoka ofisini kwake kumtazama kijana aliyeleta habari. Alikuwa Egidi Ndunguru, shati nje, pumzi juu juu.

"Ilyasi, wafungulie watu barabara," alisema inspekta. "Lori lenyewe linakaa ndani ya kompyuta."

"Ndani ya nini?"

"Ni mchezo, Sajenti. Wewe umehamia juzi tu, usingeujua."

Jamani! Mbinga ya miaka ile, mtu asilijue Lori la Kahawa? Soko huria lilipoingia, wanunuzi binafsi wa kahawa walijaa mjini, ushirika ukalala, maghala yakabaki na popo. Katika chumba kimoja cha ghala tupu, vijana watatu, Egidi, Devotha na Swalehe, wakaanzisha kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta, wakaiita Milima Michezo. Egidi aliandika programu, Devotha alichora, Swalehe alishughulika na sauti na wateja. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Michezo ya kompyuta, Mbinga? Na umeme wenyewe wa jenereta!

Kisha Lori la Kahawa likatoka, vicheko vikakoma. Unaendesha lori bovu kutoka Mbinga hadi Songea wakati wa masika, tope tupu, na kila ukikwama utingo anapaza sauti nyuma: "Kanyaga, suka, mlima haujawahi kula mtu!" Watoto walipanga foleni kutoka ghalani hadi sokoni. Paroko alikuja kucheza, na siku ya pili akaja bila kanzu ili asijulikane. Inspekta Edina mwenyewe alikwama mlima wa kwanza wiki nzima, hata Kitai hakufika. Gazeti moja la Dar es Salaam likawapiga picha wale watatu, meno yote nje.

Ah, siku hizo! Hazikudumu. Zikaja sidii bandia za michezo ya nje, na Lori la Kahawa lenyewe likanakiliwa na kuuzwa vichochoroni. Foleni ikakatika. Kufikia Septemba ile ya mwaka 2003, Milima Michezo ilikuwa imebaki na wenyewe tu, wanatazamana.

Inspekta alikagua chumba cha ghala bila haraka. Kufuli lilikuwa zima, dirisha zima. Kioo cha kompyuta kilikuwepo mezani, spika zipo, jenereta ipo nje. Boksi la kompyuta tu ndilo lililoondoka, na nyaya zake zilikuwa zimekunjwa vizuri.

"Mwizi gani anaacha jenereta?" aliuliza Ilyasi.

"Asiyetaka kuuza kitu," alijibu inspekta, kisha akamgeukia Egidi. "Nani ana ufunguo?"

"Sisi watatu. Jana asubuhi boksi lilikuwepo."

"Ndani ya boksi kuna nini?"

"Mchezo wenyewe, afande. Siyo ule wanaocheza watu. Mzizi wake, ule unaoweza kubadilishwa. Picha, sauti, kila kitu. Kesho inakuja kampuni ya Dar es Salaam kuununua na kutuajiri. Boksi lisipopatikana, Milima Michezo imekufa."

"Hukuweka nakala?"

Egidi akainamisha kichwa. "Nilizifuta wiki iliyopita. Mnunuzi hakutaka ibaki hata moja. Nikataka kumwonyesha uaminifu."

Ilyasi akaguna. "Uaminifu mwingine ni ujinga uliovaa tai."

"Unamshuku nani?" aliuliza inspekta.

"Swalehe. Ameshuka Mbamba Bay kwa shangazi yake, hajarudi. Na tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Mambo ya kiufundi tu, afande."

Jibu lilitoka haraka mno. Inspekta alilitia akilini.

"Na Devotha?"

"Yuko kwao kijijini na mama yake. Devotha hawezi, afande. Mchezo huu ni roho yake."

Ilyasi alinyunyiza poda yake mezani, akapata alama za vidole za watu wale wale watatu, kila mahali, kama inavyotarajiwa kwa watu wanaofanya kazi chumba kimoja. Hazikusaidia kitu. Inspekta akaagiza Landrova iwekwe mafuta.

Ukishuka kutoka milimani kuna kona moja ambapo Ziwa Nyasa linajitokeza lote kwa mpigo, na hata ukiwa na mfungwa garini utanyamaza. Inspekta Edina alikuwa na umri wa Kipaimara alipoliona mara ya kwanza, wamepakiwa kwenye lori la ushirika na masista wakiimba. Lori lilikwama mara nyingi njiani na hakuna aliyejali. Sasa ushirika haupo, masista wale wamezeeka, na yeye anakwenda kumkamata kijana aliyewahi kumfundisha kushika panya wa kompyuta. Alisikia uchungu, akasema waziwazi: "Ilyasi, kazi hii leo siipendi."

Walimkuta Swalehe ufukweni Mbamba Bay, anageuza usipa, dagaa wa ziwa hilo, kwenye vichanja.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Boksi liko wapi?"

"Boksi gani?"

Alipoambiwa, alikaa chini mchangani palepale. "Limeibwa? Na kila kitu ndani?"

"Ulikuwa wapi jana?"

"Hapa hapa."

Shangazi yake, Bi Mwanabibi, akadakia kutoka mlangoni: "Tangu aje hajatoka ufukweni, mwanangu. Hata msikitini anakwenda kwa kusukumwa. Waulize hao majirani!"

Majirani waliulizwa, wakasema hivyo hivyo.

"Kwa nini uliondoka Mbinga?" aliuliza inspekta.

"Natafuta kazi melini. Sikutaka kuwepo wakitia sahihi."

"Kwa sababu gani?"

"Kumbe Egidi hakukuambia." Swalehe alifuta magamba mikononi. "Kampuni ile ilituletea sampuli ya mchezo ulivyobadilishwa. Wameichezea sauti ya utingo. Afande, ile ni sauti ya Mzee Bartholomayo, baba yake Devotha. Alikuwa utingo wa ushirika maisha yake yote. Tulimrekodi ghalani, anacheka, anakohoa, anadai chai. Mwaka jana akafariki."

"Devotha ameiona sampuli hiyo?"

"Egidi alikataza. Mimi nikamwonyesha. Ni baba yake, afande, ningemfichaje?"

"Alisema nini?"

"Alizima mashine, akaenda zake."

Waliporudi Mbinga walimchukua Egidi aje kutambua mali yake, wakapanda hadi kijiji cha akina Devotha. Njia nzima Egidi alitazama nje.

Mama Luisa, mjane wa Bartholomayo, alikuwa uani anapepeta mahindi. Devotha alikuwa kando yake.

"Shikamoo, mama," alisema inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mbona na bunduki?"

"Hiyo ni ya Sajenti, inampa usingizi. Naomba kuzungumza na binti." Akamgeukia Devotha. "Jana ulikuwa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Hukwenda mjini?"

"Nilikwenda sokoni."

"Ulibeba nini?"

"Tenga."

"Lina nini ndani?"

"Ndizi."

"Wakati wa kwenda, au wa kurudi?"

Mama Luisa aliacha kupepeta.

Inspekta alitazama shamba lililoshuka nyuma ya nyumba. Lilikuwa shamba la ngoro, kama mashamba yote ya Wamatengo: mashimo yamepangwa safu kwa safu mteremko mzima, kila shimo limezungukwa na matuta, ili mvua itulie humo badala ya kuondoka na udongo. Kwanza mwanaume hulaza nyasi kwa mistari, kisha mwanamke huchimba na kuzifukia. Inspekta alizikulia kazi hizo, viganja vyake bado vilikuwa na ushahidi.

Udongo wote ulikuwa mkavu, wa kijivu. Tuta moja tu, katikati ya shamba, lilikuwa jeusi.

"Mama, kuna mtu analima ngoro Septemba?"

"Kiangazi? Labda kichaa."

Walishuka. Ilyasi alilizunguka tuta, asione ajabu yoyote. "Afande, mbona limekaa vizuri tu?"

"Ndilo kosa lenyewe. Mwizi mwingine angechimba, akafukia, akaenda zake. Huyu amelijenga tuta upya. Ngoro moja ikibomoka, mvua ya kwanza inaangukia ya chini yake, na ya chini inaangukia ya jirani. Mmatengo hawezi kuiacha hivyo hata akiwa anaiba." Aliinama, akagusa ncha za nyasi zilizochungulia. "Nyasi zimelazwa ovyo, zinapishana. Lakini udongo umefunikwa na mkono uliozoea. Ni mwanamke, Ilyasi, na hakuwa na mwanaume wa kumlazia nyasi."

"Basi, afande," alisema Devotha nyuma yao. "Ni mimi. Nimelifunga kwenye nailoni. Msilipige jembe."

Ilyasi alifukua kwa mikono. Boksi likatoka zima.

"Kwa nini, Devotha?" aliuliza inspekta.

"Mwulize Egidi wamemfanya nini utingo."

Egidi alitazama viatu vyake.

"Sema, Egidi! Mama yangu yupo hapa, na yeye asikie."

"Wamemfanya mlevi," alisema Egidi kwa sauti ndogo. "Wameivuta sauti yake iwe ya kilevi. Anaiba kahawa garini. Halafu mchezaji... anamtupa nje. Ukimtupa unapata alama."

"Lori likiwa limesimama?" aliuliza inspekta.

"Likiwa linakwenda."

Mama Luisa alikaa chini kwenye ukingo wa shimo, akajifunika kanga usoni. Bartholomayo alianguka kutoka juu ya magunia ya mnunuzi binafsi, lori likipanda mlima, na dereva hakusikia. Mbinga nzima ilijua. Inspekta mwenyewe ndiye aliyekwenda kupima barabara siku ile, na ndiye aliyeokota ndala ya pili.

"Watoto wangecheka," alisema Devotha. "Hapa hapa Mbinga. Wangemtupa baba yangu chini wakashangilia, na yeye anaita kwa sauti yake mwenyewe. Ningefanya nini, afande? Kuchukua sauti tu hakusaidii, wanayo kwenye sampuli. Lakini bila mzizi hawawezi kuumaliza mchezo. Nikasema bora ufe wote."

"Ulijua, Egidi?" aliuliza inspekta.

"Nilijua."

"Ukaenda kutia sahihi?"

"Nilitaka tubaki pamoja!" Sauti ilimpasuka. "Swalehe anaondoka. Devotha haji kazini. Ghala limerudi kuwa la popo. Wao walisema watatuajiri wote watatu, meza tatu, chumba kimoja, kama zamani. Nilitaka siku zile zirudi, afande. Basi. Nikajiambia ni sauti tu."

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema Devotha.

"Ungekataa."

"Si ungekuwa umejua!"

Ilyasi alikohoa, akatazama mlima wa mbali, pingu mkononi hazijui pa kwenda.

"Boksi ni la nani?" aliuliza inspekta.

"Letu watatu. Lilinunuliwa kwa kahawa ya wazazi wetu."

"Lakini malalamiko ni yako peke yako. Mnunuzi anafika kesho. Boksi hili hapa, zima. Ukilitaka, litakwenda mjini, na Devotha atakwenda nalo. Usipolitaka, sema sasa."

Egidi alipiga magoti, akalichukua boksi na kulipakata. Alilivua nailoni, akalifuta udongo uliopenya kwa mkono wa shati, upande mmoja, kisha upande wa pili. Kona moja ilikuwa bado na stika ya chai ambayo Swalehe aliibandika siku ya kwanza kabisa, siku ambayo jenereta iligoma na wakacheka hadi jioni. Alilia bila kujificha, kamasi na yote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kisha akalirudisha shimoni.

"Nafuta malalamiko," alisema. "Mnunuzi nitamwambia mwenyewe."

"Mchezo ndiyo basi, Egidi," alisema inspekta. "Unaelewa?"

"Naelewa, afande."

Alikwenda bondeni, ambako nyasi zilikuwa bado mbichi, akakata mzigo, akarudi nao begani. Akaanza kuzilaza juu ya boksi. Mikono yake ilikuwa imezoea kibodi, mistari ikaenda upande.

Mama Luisa alishusha kanga usoni. "Weye mwanaume, nyasi gani hizo? Huo ni mlima, maji yatapita hapo. Toa, laza upya."

Egidi akatoa, akalaza upya. Inspekta akampa Ilyasi ishara, wakaanza kupanda kuelekea kwenye gari. Devotha alibaki amesimama, akimngoja mwenzake amalize mstari wa mwisho. Egidi alipomaliza, akasogea pembeni, na Devotha akainua jembe.