Mashine Iliyonyweshwa Mafuta ya Karai

Kila asubuhi, jua halijapanda vizuri, foleni ya ndoo ilikuwa imeshafika mlangoni kwa Mama Unga. Watu walimwita hivyo kwa sababu kope zake, nyusi zake, hata masikio yake yalikuwa meupe kwa unga siku nzima. Mashine yake ya kusaga ilikuwa pekee pale kijijini. Kabla haijaja, wanawake walitembea saa mbili kwenda kusaga na saa mbili kurudi, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. Mama Unga mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Mume wake alikaanga viazi na samaki kando ya barabara. Yeye walimwita Baba Karai. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

Mwaka ule dizeli ikaadimika. Mama Unga akawa anasaga siku mbili, anafunga siku tatu.

"Leo vipi?" aliuliza bibi mmoja, mteja wake wa siku zote.

"Leo kavu, bibi. Hakuna mafuta."

"Kwa hiyo nirudi nikayadonoe mahindi kama kuku?"

Watu walicheka, lakini Mama Unga hakucheka. Aliwatazama wakijitwisha ndoo na kushika njia ile ndefu ya zamani.

Baba Karai alimwonea huruma mkewe. Alikuwa amesikia sokoni kwamba injini ya dizeli inaweza kutumia mafuta ya kupikia. Hakuuliza zaidi. Siku moja mkewe alipokwenda kuchota maji, alichukua mafuta yaliyobaki kwenye karai akayamimina kwenye tangi la mashine.

Mama Unga aliporudi, alikuta mashine inanguruma na mumewe anatabasamu kama bwana harusi. Moshi ulinukia kama kikaango.

"Mwenzetu," bibi alisema akinusa, "leo unasaga mahindi au unasaga samaki?"

Kabla hajajibiwa, mashine ilikohoa. Ikatoa moshi mweusi ti! Ikanyamaza.

Mama Unga alimgeukia mumewe. Mumewe akawa anahesabu mabati ya paa.

"Umeweka nini humu?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nini, Baba Karai?"

"Mafuta ya... kule kazini kwangu."

Mama Unga hakupiga kelele. Alikaa juu ya debe, akashika tama. Mashine ikifa, hana uwezo wa kupata nyingine. Kijiji kizima kitarudi kutembea.

Jirani yao alikuwa fundi wa injini kwenye karakana ya ushirika. Walimwita Dada Glovu, maana hakukosa glovu mikononi. Alikuja, akafungua filta, chujio la mafuta, akatoa kipande cha kiazi.

"Shemeji," alimwambia Baba Karai, "hiki ulikiwekea na chumvi?"

Kisha akafungua nozeli, kile kidude kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini. Matundu yake yalikuwa yameganda masizi.

"Imekufa?" Mama Unga aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haijafa. Imepaliwa. Nitaisafisha."

Mama Unga alishusha pumzi kama aliyetua gunia.

"Aliyekwambia hakukudanganya, shemeji," Dada Glovu aliendelea. "Alikwambia nusu. Mafuta ya kukaangia ni mazito. Yana maji na makombo. Lazima kwanza yageuzwe yawe bayodizeli, yaani dizeli inayotokana na mafuta ya mimea au ya wanyama. Pale karakana tumeanza kuitengeneza juzijuzi, ila mafuta machafu hayatutoshi; njooni kesho mjionee."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Mafuta machafu yalichujwa kwa kitambaa, yakapashwa moto mpaka maji yakaisha. Kisha Dada Glovu, amevaa glovu na miwani ya kazi, milango wazi, aliongeza dawa mbili zilizopimwa: methanoli, aina ya spiriti, na soda kali ya kutengenezea sabuni. Yakakorogwa, yakaachwa yatulie. Pembeni kulikuwa na pipa la mafuta yaliyokorogwa jana yake. Chini palikuwa na kitu kizito cheusi. Juu yalielea mafuta mepesi, ya rangi ya asali.

"Haya ya juu ndiyo bayodizeli. Tunayaosha, tunayakausha, tunayapima. Yale ya chini ni gliserini. Tukiisafisha, tunatengeneza sabuni."

"Aa, basi na mimi nitapika yangu nyumbani, kwenye karai!" Baba Karai alidakia.

"Thubutu! Methanoli ni sumu, hata mvuke wake. Inalipuka, na moto wake mchana huuoni. Ile soda inababua ngozi. Unadhani glovu hizi ni pambo? Wewe tuletee mafuta, kugeuza tuachie sisi. Kwani mafuta ya zamani huwa unayapeleka wapi?"

Baba Karai alijikuna kisogo. "Mtaroni."

"Kumbe ni wewe unayetuzibia mtaro!" mkewe alisema, na safari hii alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya tatu mashine ilikuwa safi, ina filta mpya na mipira mipya ya kupitishia mafuta. Dada Glovu alichanganya sehemu moja ya bayodizeli na sehemu nne za dizeli.

"Tuanze hivi. Injini ikizoea, tutaongeza pole pole. Na filta uitazame kila wiki, maana bayodizeli inang'oa uchafu wa zamani tangini."

Baba Karai alikimbilia dumu la mchanganyiko ule. Mama Unga akamzuia.

"Lete. Leo namimina mimi."

Alimimina taratibu. Akazungusha hendeli mara moja, mara mbili. Mashine ikashika. Moshi ulitoka mwepesi, na vigelegele vikapaa.

Siku hizi mwanamke akija kusaga, ana ndoo kichwani na chupa ya mafuta yaliyotumika mkononi. Wauza chakula wote wa barabarani humpa Baba Karai ya kwao, naye huyafikisha karakana, ambako vijana wanne wamepata kazi. Mchanganyiko umeshafika karibu nusu kwa nusu, hivyo dizeli ya mwezi mmoja sasa inafika karibu miezi miwili. Mtaro unapitisha maji.

Na Mama Unga anasaga siku sita kwa wiki, mpaka ndoo ya mwisho. Hakuna anayerudi nyumbani na mahindi.