Kilo Mbili na Nusu za Mashimba

Ijumaa, saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, mwalimu mmoja aliyekuwa akielekea Butimba alipiga simu kituoni kusema kwamba Mashimba Masele amemwagiwa oili chafu pale Mkolani. Askari wa zamu akauliza kama ameumia. Mwalimu akajibu kuwa hapana, aliyemwagiwa ni Mashimba wa ukutani.

Mkaguzi Prudencia Rwehumbiza alifika saa moja na robo. Picha ile ilikuwa na urefu wa watu wawili: Mashimba juu ya baiskeli, ameinama, jasho linamtoka. Ilichorwa mwaka uliopita, siku chache baada ya yeye kushinda mbio za kulipwa huko Ulaya na Mkolani nzima kulala bila sauti kwa kushangilia. Sasa oili nyeusi ilikuwa imeshuka kutoka kofia hadi gurudumu la mbele, na kando yake mtu ameandika kwa mkaa: MWIZI. Watu wapatao arobaini walikuwa wamesimama wakitazama, na wote walisema hawakuona kitu. Prudencia alikuwa na miaka kumi na tano kazini. Alijua kuwa watu arobaini wasipoona kitu, jambo lenyewe limefanyika mbele yao.

Sababu ilijulikana. Jumanne redio ilitangaza kwamba mkojo wa Mashimba, uliochukuliwa tarehe kumi na nne ya mwezi wa sita mwisho wa mbio za kuzunguka ziwa, umekutwa na deksamethasoni, dawa isiyoruhusiwa siku ya mashindano. Tangu hapo mji haukukalika. Waendesha bodaboda waliokuwa wamebandika sura yake kwenye vioo waliibandua kwa kucha. Walioapa kuwa wamesoma naye darasa moja wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa shule nyingine. Lisemwalo lipo, walisema, na kama hujui wanasema nini, walikuwa tayari kukusimulia mara mbili.

Mwenye maneno kuliko wote alikuwa Bernadeta, mama wa saluni inayotazamana na ukuta ule.

"Andika, afande," alimwambia Prudencia, mikono kiunoni. "Huyo namjua tangu anabeba ndoo za maji kwa baiskeli ya baba yake. Lakini mtu anameza dawa aina mbili, halafu sisi tumpigie vigelegele? Ametuaibisha. La kuvunda halina ubani."

Prudencia aliandika neno kwa neno, kama anavyoandika maneno ya kila mtu.

Aliyemwaga oili hakumsumbua. Alikuwa Venant, mchoraji mwenyewe, ameketi juu ya tofali na vidole vyake bado vyeusi.

"Ni mimi," alisema. "Nilichora mwenyewe, nimefuta mwenyewe. Siku kumi na moja juani, sikudai hata soda. Na mwanangu wa mwisho nimempa jina lake, afande. Sasa nimwite nani?"

Prudencia alimwambia afike kituoni Jumatatu. Saa mbili kamili kesi ya ukuta ilikuwa imekwisha, na mtu mwingine angerudi kunywa chai. Yeye alitembea hadi nyumba ya Masele, hatua mia tatu kutoka pale, kumweleza mwenye sura ile ya ukutani.

Mashimba alikuwa uani, anasafisha mnyororo wa baiskeli ambayo hakuwa na ruhusa ya kushindania. Alikuwa mwembamba mno, mashavu yameingia ndani, mikono kama ya mtu aliyetoka kulazwa. Wazo la kwanza la Prudencia lilikuwa kwamba huyu bwana anaumwa. Aliona haya kwa wazo hilo, maana alijua waendesha baiskeli wa kupanda milima wote wako hivyo.

"Ukuta uache," Mashimba alisema baada ya kumsikiliza. "Mtafute aliyenitilia dawa."

"Kila mwizi husema hakuiba."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba utafute, sikuombi uniamini." Aliweka kitambaa chini. "Jumatatu saa kumi jioni kamati inataka maelezo: dawa iliingiaje mwilini mwangu. Nikishindwa kueleza, ni miaka minne. Nina miaka thelathini na miwili, afande. Nikitoka hapo hakuna timu itakayonipokea."

Kumtilia mtu dawa bila yeye kujua ni kosa la jinai. Prudencia alifungua daftari ukurasa mpya, akaomba barua ya maabara. Ilikuwa na kurasa mbili. Wa kwanza ulitaja deksamethasoni. Wa pili ulisema mkojo ulikuwa pia na siproheptadini, dawa ya mzio, isiyokatazwa michezoni.

"Hii ya pili redio haikuitaja."

"Haikuitaja, hawaijui. Kocha wangu Deodatus ndiye aliyewabana maabara waeleze kila walichokiona. Ukurasa huo umefika jana jioni. Tumeuona mimi, Deodatus na mke wangu. Wewe ni wa nne."

Mlangoni alisimama mama yake, Ng'washi, mwanamke mrefu aliyejifunga kitenge kifuani. Prudencia alimwamkia shikamoo. Mama aliitikia marahaba, akasema uji uko tayari, mgeni hawezi kuondoka hivi hivi. Prudencia alikunywa. Ulikuwa uji wa ulezi na karanga, mzito, mtamu, wenye ndimu.

Saa nne alikuwa Mirongo, kwenye karakana ya Deodatus, mtu wa kwanza ambaye mji ulimtaja. Kocha yupi hajui mwanafunzi wake anameza nini?

"Chupa zake nazijaza mimi na nazifungia mimi," Deodatus alisema kabla hajaulizwa. "Ukitafuta wa kumlaumu, umeshampata. Ila kwanza soma hapa."

Alimpa daftari lenye jalada la kijani. Kila asubuhi saa kumi na mbili, Mashimba hupanda mizani na Deodatus huandika. Tarehe moja ya mwezi wa sita, siku aliyotua kutoka Ulaya: kilo sitini na moja. Tarehe tano: sitini na moja na nusu. Tarehe tisa: sitini na mbili na nusu. Tarehe kumi na nne, asubuhi ya mbio: sitini na tatu na nusu.

"Kilo mbili na nusu kwa wiki mbili, na mazoezi yake ni kilomita mia kwa siku. Uso ulijaa ukawa wa mviringo. Tulikosana. Nikamwambia unakula ugali kwa siri. Akaniapia. Mpanda milima ukimwongeza kilo mbili na nusu umempa tofali abebe mgongoni. Alimaliza wa kumi na tisa, afande. Mimi ningetaka kumpa dawa ya wizi, ningempa ya kumkausha."

Prudencia alinakili tarehe zote. Kocha mwizi huiba ili mtu wake ashinde. Hajapata kusikia wa kuiba ili mtu wake awe wa kumi na tisa.

Akabaki mtu wa pili wa midomo ya mji, Nice, mke wa Mashimba. Kwao ni Bukoba, kazi yake uuguzi, na kwa hesabu ya mtaa muuguzi ni kabati la dawa linalotembea. Saa nane mchana walikaa sebuleni, wawili peke yao.

"Tangu tarehe nne hadi kumi na tatu mwezi wa sita ulikuwa wapi?"

"Bukoba. Nilikwenda kumzika baba." Nice alitoa tiketi za meli, ya kwenda na ya kurudi. "Niliwaza utaniuliza."

Prudencia aliziweka juu ya orodha ya uzito. Siku tisa mke hayupo, na kilo zilipanda kila siku.

"Wewe ni muuguzi. Nani hutumia dawa hizi mbili pamoja?"

Nice alimgeukia. "Afande, na wewe ni wa kwetu Kagera. Hujaona mabibi harusi?"

Alikuwa ameona. Binamu yake Jovitha, mwezi mmoja kabla ya harusi, alijaa mashavu na nyonga ghafla hadi gauni likafumuliwa upya. Alikuwa akimeza dawa hizo mbili: moja inaleta njaa, nyingine inajaza mwili maji. Zinauzwa kwenye vifuko vya nailoni, bila jina, na zinaitwa vidonge vya hamu ya kula.

"Kuna mtu alitaka anenepe," Prudencia alisema polepole.

"Nani asiyetaka?" Sauti ya Nice ilipanda. "Nikienda sokoni naulizwa, mume wako anaumwa nini. Nikienda kanisani, wanasema Mhaya huyu anakula mshahara, mume anampa ndizi mbili. Nimechoka kuulizwa."

"Ulipokuwa Bukoba, nani alikuwa jikoni?"

Nice aliutazama mlango wa jikoni. Machozi yalimtoka, na hilo lilikuwa jibu.

Jumamosi saa tatu asubuhi Prudencia aliwakutanisha wote kwenye ua wa Masele. Mashimba na Nice walikaa kwenye benchi, Deodatus akasimama na daftari lake, Venant akajibanza langoni. Bernadeta aliitwa pia na akaja mapema, amevaa vizuri kama anayekwenda kushuhudia hukumu. Nyuma ya ua majirani walikuwa wameshajaa, maana Mkolani habari haingoji mwaliko.

Prudencia hakuzunguka. Alieleza kilo, alieleza meli, alieleza kazi ya dawa mbili zikichanganywa. "Aliyempa hakumpa ili ashinde," alimalizia. "Alitaka apate mwili. Na Mashimba hali kitu nje ya nyumba hii, isipokuwa chupa za kocha."

Ng'washi alisimama kabla jina lake halijatajwa.

"Ni mimi," alisema.

"Mayu, mama yangu, kaa," Mashimba alisema.

"Sikai. Nilivisaga nikatia kwenye uji, viwili kila asubuhi, hata asubuhi ya mbio. Mimi niliambiwa ni vitamini. Redio ilitaja jina refu, ningejuaje kuwa ndivyo hivyo?" Aliwageukia waliokuwa nyuma ya ua. "Alipotoka Ulaya mlikuja kumpokea. Mlipoondoka, mkaanza. Mama Masele, mtoto ana nini. Mama Masele, mpeleke akapimwe. Msibani mliniuliza, kisimani mliniuliza. Mmoja aliniletea namba ya simu ya mchungaji wa kuombea wagonjwa. Mtoto anakula chakula changu na anaonekana kama anayekufa, mlitaka nifanye nini? Alipojaa uso mkasema, sasa kidogo. Nililala usingizi wiki ile."

Waliomuuliza walikuwa pale pale, na kila mmoja alijijua.

"Nani alikupa?" Prudencia aliuliza.

Ng'washi alisita. Ujirani wa miaka ishirini si kitu cha kutupa kwa neno moja.

"Basi nikusaidie," Prudencia alisema, akafungua daftari lake. "Jana saa moja na nusu asubuhi, mama Bernadeta, uliniambia Mashimba anameza dawa aina mbili. Redio ilitaja moja. Ya pili ilikuwa kwenye barua iliyofika juzi jioni, na walioisoma kabla yangu ni watu watatu, wote wako hapa uani. Nimewauliza mmoja mmoja; hakuna aliyekwambia. Ulijuaje ni mbili?"

Bernadeta alicheka kidogo. "Nilisema tu. Watu husema."

"Askari wangu wako saluni kwako sasa hivi na hati ya upekuzi. Wamenipigia nikiwa njiani. Chini ya meza ya kusukia kuna makopo mawili, moja la kila dawa, na bunda la vifuko vya nailoni."

Kicheko kilikoma. Bernadeta aliketi chini kwenye mchanga na nguo yake nzuri.

"Jina lipo kwenye kopo," Prudencia aliendelea. "Jumanne redio iliposema deksamethasoni, wewe peke yako Mkolani nzima ulijua imetoka wapi."

"Ningefungwa," Bernadeta alisema. "Nauza bila kibali. Nilifikiri yatapita. Kisha nikaona watu wanamtukana, nikawaza, wakimtazama yeye hawatanitazama mimi."

"Na ukatukana kuliko wote."

"Nikatukana kuliko wote."

Venant alitoka pale langoni taratibu, akaenda kusimama mbele ya Mashimba. Mashimba alimpa mkono tu.

Ilibaki kazi ya karatasi. Deodatus alikuwa ameongea na wakili: makopo, daftari la uzito na maelezo yaliyosainiwa na mama vikifika kabla ya saa kumi Jumatatu, miaka minne inaweza kuwa miezi. Bila saini ya mama, hakuna kitu. Prudencia hakumficha Ng'washi kwamba jalada lingekwenda pia kwa mwendesha mashtaka, naye ndiye angeamua.

Mashimba aliichukua ile karatasi tupu kutoka mkononi kwa Prudencia.

"Haitaandikwa," alisema. "Itasomwa redioni. Dunia nzima itamcheka mama yangu kwa uji. Bora mimi niitwe mwizi."

"Mashimba, umri wako," Deodatus alisema.

"Nimesema haitaandikwa."

Ng'washi alimsogelea. Alikuwa mrefu karibu sawa na mwanawe. Aliichomoa karatasi vidoleni mwake kama anavyomnyang'anya mtoto kisu, akamrudishia Prudencia, kisha akavuta kigoda na kuketi mbele ya watu wote, amenyoosha mgongo.

"Andika, afande. Andika mtoto wangu hakujua. Andika vilikuwa viwili, kila asubuhi, siku kumi na tatu, na mkono ni wangu. Na jina langu uliandike lote, Ng'washi Mabula, mama yake Mashimba, wa Mkolani, ili anayetaka kucheka ajue ni nani wa kumcheka."