Folda ya Mengineyo

Kitendawili! Haya, semeni "tega". Nyumba yangu haina panya aliyekufa, lakini kila aingiaye hukunja pua. Msinipe mji kwanza. Hata Chiriku, mjukuu msema ovyo, alipotegewa hiki na bibi yake alisema, "Nitajibu baadaye," akakimbilia kompyuta.

Klabu yake ya kompyuta shuleni ilikuwa ikiandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu ya kuazimisha vitabu. Chiriku alikabidhiwa kupanga hifadhi ya mradi, yaani folda kuu ambamo wote huchota kazi na kuirudisha. Kesho yake mkutubi wa shule angeijaribu programu hiyo. Ikikwama, klabu ingenyang'anywa chumba cha kompyuta.

"Umepanga?" aliuliza shangazi yake, mwandishi wa programu.

"Inang'aa, shangazi!"

Shangazi akatazama. Palikuwa na folda moja tu: "mengineyo". Alipoifungua, uso ulimkunjamana kama aliyekanyaga kinyesi cha bata.

"Ptuu! Huku ni kupanga, au kusukuma taka uvunguni?"

Humo mlikuwa na nakala za programu ile ile: mwisho.py, mwisho_kabisa.py na mwisho_wa_kweli.py. Majaribio, yaani faili za kuipima programu, yalilala kitanda kimoja na picha za paka. Shangazi akaiwasha programu. Ikagoma, kwani faili la majina ya vitabu lilikuwa limehamishwa.

"Nilitupia vyote humo ili nikacheze," Chiriku alinong'ona. Alitazama uchafu wake mwenyewe, akakunja pua. "Nakala za zamani niliogopa kuzifuta."

"Mfumo wa hifadhi wenyewe unakumbuka kila toleo mlilohifadhi, mwanangu. Ya nini kulaza maiti sebuleni?"

Wakashika kazi. Programu ikapewa folda yake, majaribio yakapewa yake, na data ikapewa yake. Mlangoni wakaweka faili la NISOME, mgeni ajue pa kuanzia. Chiriku akafuta nakala, akisonya kwa kila moja: "Nyoo! Hata hii niliandika mimi?" Wakaendesha majaribio yote, yakapita. Programu ikaazimisha kitabu cha kwanza bila kukwama.

"Sikia," shangazi alisema. "Kuficha uchafu si kusafisha. Unawaachia wenzako uvundo, na kusema folda inang'aa ni uongo juu ya uvivu."

"Nimekosa, shangazi. Kesho nitawaambia wenzangu ukweli."

Bibi, aliyekuwa akikunja nguo kando, akacheka. "Na kitendawili changu je, Chiriku? Nipe mji!"

"Hupewi mji, bibi. Nyumba hiyo ni folda yangu ya mengineyo. Na leo nimeibomoa."