Ada ya Heritier

Ofisi ya wakala wa dhamana, mkabala na jela ya Houston, ilifurika watu Jumatatu ile. Yasinta, mhasibu kutoka kitongoji cha Katy, akiwa na gauni la kitenge cha kijani na viatu virefu, alikuja kumtoa kaka yake Gelasius. Pembeni yake kijana mrefu wa Kikongo mwenye sare ya ghala aliikodolea macho karatasi.

"Dada, minasoma lakini sielewi. Ni ya mdogo wangu. Naitwa Heritier."

"Lete. Dhamana ni dola elfu kumi. Huna, kwa hiyo wakala anamdhamini, wewe unampa asilimia kumi. Elfu moja."

"Na ile franga, ile pesa, itarudi?"

"Kesi ikifutwa inarudi, kama nyumbani," Yasinta alijibu kwa kujiamini, hata ukurasa wa pili hakuufungua.

"Basi mahari yangu itarudi. Miaka miwili minaichunga."

"Ya nani?"

"Sikukuwa namujua. Ao labda nimemuona leo."

Yasinta akacheka, akampa namba.

Miezi sita simu hazikulala. "Umekula, chérie?" "Nimekula mpenzi, ila nimeku-miss!" Wakapanga kesi ya mdogo wake ikiisha, Heritier aende kujitambulisha kwa baba yake Yasinta. Kesi ikafutwa. Heritier akanyamaza, siku tisa hapokei simu.

"Nilikwambia," Gelasius alisema. "Mbeba boksi yule angetuaibisha."

"Wewe niliyekutoa rumande ndiye wa kunifundisha aibu?" Yasinta akanyakua funguo, akaendesha hadi ghalani Stafford.

Heritier alitoka na vumbi la maboksi, macho chini.

"Umenichoka? Niambie usoni!"

"Nilienda kwa wakala kuuliza franga. Balinicheka. Ada ni ya kazi yao, kesi ifutwe isifutwe. Mahari imeisha, Yasinta. Ningekuja kwa papa yako na nini?"

Uso ulimchoma Yasinta. Mhasibu mzima! "Ni mimi niliyekupotosha. Mbona hukunifokea?"

"Ulinisaidia. Ningekufokea namna gani?"

Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Alimpigia baba yake, akaweka spika.

"Baba, Jumamosi namleta mchumba. Mahari yake niliipoteza mimi kwa ujuaji wangu. Ukiitaka, nidai mimi."

"Yasinta, una kichaa?"

"Ninacho, Baba. Saa nane mchana." Akakata.

"Na akikataa?" Heritier aliuliza.

"Atakataa tukiwa tumeshafunga ndoa. Nenda kamalize zamu, nakusubiri kwenye gari."