Papa Hayuko Mongbwalu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Gentille alichota maji kwenye bomba la mtaa wao, Nyakasanza, akayachemsha, akalowesha kitambaa na kumkanda baba yake mgongo. Baba yake, Papa Roger, alilala kifudifudi juu ya ubao uliotandikwa blanketi. Daktari alimkataza godoro laini. Alimkataza pia kubeba kitu chochote.

"Miaka yote miye nakanda unga," Papa Roger alisema. "Leo mutoto ananikanda miye. Polepole, mama. Miye si mukate."

Papa Roger alifanya kazi katika kiwanda cha mikate cha Patron Donatien. Siku moja rundo la magunia ya unga lilimporomokea, na tangu hapo hakuweza kusimama muda mrefu. Kwa sababu aliumia kazini, alitibiwa bure na kupata sehemu ya mshahara wake mpaka apone. Hiyo ilikuwa haki yake, si hisani ya mtu, na ndiyo iliyolisha nyumba.

Lakini mgongo ukiumia ndani, hauonyeshi kitu nje. Hakuna plasta, hakuna bandeji. Wenzake Gentille wa darasa la sita hawakujua ugonjwa huo, walisikia tu kuna mwanaume anayelala mchana.

"Gentille, papa yako iko analala tu?" Blanchard aliuliza wakati wa mapumziko. Blanchard alikuwa mwana wa Patron Donatien. "Hata tate, babu yangu muzee, anaamka mbele yake."

Watoto wakacheka. Gentille alisikia masikio yakiwaka moto.

"Nani amekuambia analala?" alijibu. "Papa iko Mongbwalu. Anachimba dhahabu. Akirudi, siye tutanunua moto mupya."

Kicheko kikakatika. Mapumziko yote watoto walimfuata wakimuuliza pikipiki hiyo itakuwa rangi gani. Gentille akarudi nyumbani akitembea kama mtu mkubwa.

Ukikaa Bunia utajua jambo hili: mtu asipoonekana kazini siku chache, watu hawaulizi anaumwa nini. Husema amekwenda kwenye dhahabu, na mara nyingi husema kweli. Wengi wameacha kazi hivyo, bila kumuaga yeyote. Kwa hiyo Blanchard aliposimulia habari ile wakati wa chakula, Patron Donatien hakuuliza mara mbili.

Haikupita siku nyingi, Mama Martine akabisha mlangoni. Mama huyu alichoma mikate pamoja na Papa Roger, na wafanyakazi walikuwa wamemchagua awasemee kwa patron.

"Roger, ndugu yangu, patron amekufukuza," alisema kabla ya kukaa. "Anasema unakula malipo ya mugonjwa na huku unachimba dhahabu Mongbwalu."

"Mongbwalu?" Papa Roger alijaribu kuinuka, akashika kiuno, akarudi chini. "Miye hata choo nafika kwa kushika ukuta. Nani alimwambia?"

"Blanchard. Eti maneno ya shule."

Jikoni, Gentille aliacha kutwanga sombe, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

"Kesho nitapanda moto nikamwone," Papa Roger alisema.

"Na hii barabara yetu ya mashimo? Utarudi vipande viwili."

Hakuna aliyelitaja jina la Gentille. Angeweza kunyamaza. Lakini alimwona baba yake juu ya ile moto, akirushwa shimo baada ya shimo, kwa ajili ya maneno yake yeye. Akaweka mchi chini, akaingia.

"Papa, ni miye niliyesema."

Akaeleza yote. Baba yake akamgeukia.

"Ulinionea haya?"

"Ndiyo, papa."

"Basi kesho weye utakwenda. Mudomo uliopeleka uongo upeleke na ukweli."

Asubuhi, uwanja wa kiwanda ulinukia mikate ya moto. Vijana walikuwa wakifunga makreti nyuma ya pikipiki zao. Patron Donatien alimsikiliza Gentille mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Jana alikuwa Mongbwalu, leo iko anaumwa," alisema. "Mutoto, nichague uongo gani?"

Gentille hakurudi nyuma.

"Patron, nilidanganya juu watoto walinicheka. Usiniamini miye. Twende sasa hivi, uone mwenyewe. Papa hajui kama utakuja."

Mama Martine alijipangusa unga mikononi. "Twende, patron. Ulimufukuza mutu kwa maneno ya mapumziko. Kwenda kuangalia si kazi kubwa."

Walimkuta Papa Roger amepiga goti moja, anashika ukuta, shati limeingia mkono mmoja tu. Jasho lilimtiririka.

"Roger, unakwenda wapi?" Patron Donatien aliuliza.

"Kumufuata mutoto. Iko peke yake huko."

Patron aliinama. Alimshika kwapani, akamlaza polepole juu ya ubao wake. Kisha akachuchumaa pale chini, na suruali yake nzuri ikishika vumbi.

"Nilikosa, Roger. Kazi yako iko pale pale. Malipo yataendelea mpaka daktari aseme umepona."

"Sheria ndivyo inavyosema," Mama Martine alisema. "Mutu aliyeumia kazini hafukuzwi akiwa bado anatibiwa. Na ukisikia jambo, uliza kwanza."

"Nimesikia, Mama Martine."

"Hapa umesema mbele ya watu watatu. Nenda ukaseme mbele ya wafanyakazi wote."

Akaenda, akasema.

Shuleni Blanchard alikuwa akimngoja. "Kumbe dhahabu hakuna."

"Hakuna," Gentille alisema. "Papa iko analala. Mugongo wake uliumia kwa kutengeneza mukate unaokula kila asubuhi."

Blanchard alijivuta pembeni. Akamsogezea nafasi kwenye benchi.

Jioni Gentille alichemsha maji, akachukua kitambaa chake.

"Kuumia kazini si haya, mama," Papa Roger alisema, uso ukielekea ukutani. "Haya ni kusema uongo ili watu wakuheshimu. Ulitaka papa wa dhahabu, karibu umunyime kazi papa wa mikate. Lakini ukweli hukumutuma mutu akupelekee. Uliubeba mwenyewe, na muzigo wa namna hiyo hata daktari hawezi kuukataza."

Akajiweka sawa juu ya ubao.

"Sasa kanda. Polepole."