Kitufe Chekundu cha Violeth

Asubuhi kwetu Endasak huanza na kukamua. Mimi nakamua, mjukuu wangu Violeth anamshika ndama asimalize maziwa. Tuna ng'ombe mmoja tu. Huyo ndiye chai yetu, ndiye sabuni yetu.

Violeth alisomea kompyuta chuoni. Aliporudi, kikundi chetu cha wafugaji kilimwomba atengeneze programu ya simu ya kumwita bwana mifugo mnyama akiugua. Wangeijaribu mkutanoni. Wazee wakishindwa kuitumia, basi, iachwe.

Akaja kunionyesha. Ilipendeza kama kitenge kipya. Akanipa simu, akaniambia nimwite bwana mifugo. Nikikwama kidogo, mkono wake umefika. "Hapa, bibi." Nikikwama tena, "Na hapa, bibi." Mwisho akafurahi kwamba nimeweza. Lakini kidole kilichoweza kilikuwa chake.

Siku hizo jirani yetu Hilda, binti wa mzee Baltazar, alikuwa amekuja kutoka Arusha kuvuna maharage ya baba yake. Kazi yake huko ni hiyohiyo, kupanga kurasa za simu: kitufe kikae wapi, maandishi yawe makubwa kiasi gani. Alipopita kuniamkia nikamweleza. Akamtazama Violeth akinisaidia, akacheka.

"Unamtua bibi mzigo kabla hujajua unamuumiza wapi."

Violeth akasema kwamba amelelewa hivyo. Mzee hawezi kuhangaika, mtoto amekaa anatazama. Ni kweli, nimemlea mimi.

"Basi leo nakuruhusu," nikamwambia. "Niache nipotee. Funga mikono ndani ya kanga."

Akaifunga kweli. Nikajaza habari za ng'ombe, pole pole, mpaka mwisho. Chini kulikuwa na kitufe kikubwa chekundu. Nikakitazama, sikukigusa. Violeth alikuwa anahema kama aliyepanda Mlima Hanang.

"Bibi, mbona hubonyezi?"

"Chekundu si cha kukata simu? Nitamkatiaje bwana mifugo?"

Violeth akashika kichwa. Alikichagua kwa kuwa kinang'aa.

Hilda akamweleza vizuri. Jicho la kazi hii halipatikani darasani peke yake, linataka mazoezi. Kila siku ajipe zoezi moja dogo. Leo achore ukurasa wa mtu aliyeshika kamba ya ndama kwa mkono mmoja. Kesho wa mtu asiyeona vizuri. Siku nyingine wa asiyejua kusoma. Aanze na karatasi. Kisha ampe mtu, anyamaze, aone anakwama wapi, arekebishe hapo.

"Na nisipopata kitu kizuri?" Violeth akauliza.

"Si lazima kiwe kizuri. Lazima ukimalize. Kesho kuna kingine."

Basi kila jioni, maziwa yakishachemka, Violeth alichora. Michael, mfugaji wa Gehandu asiyejua kusoma, alipopita alipewa karatasi. Akasema hajui namba ya ng'ombe iliyoulizwa pale, anajua rangi na pembe. Violeth akaondoa namba, akachora picha. Michael akazitazama, akasema huyu ng'ombe ana miguu ya mbuzi, mpeni majani. Tulicheka, na Violeth akachora upya.

Jioni moja Violeth alikuwa mjini Katesh. Ng'ombe wetu akaingia shambani, akala majani mabichi ya maharage. Tumbo likavimba upande wa kushoto, likawa gumu kama ngoma. Nikachukua simu yangu, ambayo Violeth alikuwa ameiwekea programu yenye michoro mipya. Nikabonyeza picha ya ng'ombe. Nikabonyeza picha ya tumbo lililovimba. Chini palikuwa na kitufe cha kijani. Nikabonyeza.

Bwana mifugo alikuwa kijijini Gitting. Alikuja na pikipiki, dawa tayari mkononi, kwa sababu alishajua anakuja kutibu nini. Asubuhi tulikamua.

Mkutanoni mzee Baltazar alipewa simu ajaribu mbele ya watu wote. Akakwama. Nikamtazama Violeth: mikono yake ilikuwa ndani ya kanga. Mzee akarudi ukurasa mmoja nyuma, akakiona cha kijani mwenyewe, akabonyeza, akauliza kama ndiyo hiyo tu. Kikundi kikaikubali.

Namshukuru Mungu kwa ng'ombe wangu. Namshukuru Hilda aliyeacha maharage ya baba yake akakaa nasi. Na mjukuu wangu namshukuru zaidi, kwa kuwa alivumilia kuniona nimepotea, akaenda kuitengeneza njia.